Kwa nini darubini za angani ni ghali hivi?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nasikia ile darubini ya James Webb imekula kama dola bilioni 10, sasa si kioo na kamera tu jamani? Hawawezi kutengeneza za bei poa ziwe nyingi? Msomaji, Tanga.

JIBU: Salama kabisa, na swali lako ni zuri sana. Kioo chenyewe sio kinachomaliza hela, kinachomaliza ni kukunja na kupima. Kioo cha Webb kina upana wa mita 6.5 na hakiingii kwenye roketi ya Ariane 5, ikabidi kiwe vipande 18 kikunjwe, na lile pazia la kukinga jua ambalo ni kubwa kama uwanja wa tenisi nalo likunjwe, halafu vyote vijifungue vyenyewe huko juu kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, ambako fundi hafiki. Darubini nyingine ya angani, Hubble, ilipokutwa na kasoro walienda kuitengeneza 1993 kwa sababu iko karibu, hii hapana. Kwahiyo wanapima, wanarudia, wanapima tena. Mwaka 2018 walijaribu kuipigia kelele kali kama za roketi ikiruka, skrubu za pazia zikadondoka, kazi ikasimama watafute tatizo, na mainjinia wote hao mshahara unaendelea.

Bei inashuka ukiipa darubini kazi moja. Darubini ya TESS iliyorushwa mwaka 2018 ina kamera 4 tu na inawinda sayari za nyota nyingine, basi. Kuna ASTERIA, kasetilaiti ka kama kilo 10, kenyewe kaliweza kuona sayari ikipita mbele ya nyota yake! Ila nikwambie ukweli, kioo kidogo hakitakuonyesha galaksi za mwanzo kabisa, mwanga wake ni hafifu mno, hapo lazima kioo kikubwa. Mimi matumaini yangu yapo kwenye roketi pana kama Starship ya mita 9, ikikubali vizuri hutahitaji kukunja sana.

Na hili la darubini ndogo wala si geni kwetu pwani. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, kwa roketi ndogo ya Scout. Ilikuwa ya kwanza duniani kwa kazi ya kutafuta mionzi ya eksirei angani peke yake, na ikaorodhesha vyanzo 339 vya mionzi hiyo.