Waya wa Spika wa Shilingi Milioni Mbili

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu na mkazi wa Mikindani. Kwa miaka mingi nimekusanya santuri na sidii za muziki wa dansi na taarabu, ambazo huzisikiliza jioni kwa amplifaya na spika mbili kubwa nilizozinunua nilipolipwa mafao. Hivi karibuni nilitembelewa na kijana anayeuza vifaa vya muziki kutoka Dar es Salaam. Aliponiona natumia waya wa kawaida wa umeme wa 1.5, aliotufungia fundi wa hapa hapa miaka kadhaa iliyopita, alisikitika akasema kwamba waya huo unaiua sauti. Alinitolea jozi ya nyaya nene kama kidole gumba, zimefumwa kwa nyuzi za zambarau na kuchorwa mishale ya kuonyesha upande ambao sauti inapaswa kupita. Bei yake ni shilingi 1,900,000 kwa mita tatu kila upande. Alieleza kuwa ndani mna shaba isiyo na oksijeni iliyopakwa fedha, na kwamba nyaya hizo zitahitaji saa 300 za kupigwa muziki kabla hazijaonyesha uwezo wake wote. Anataka pia ninunue waya wa kuchomeka amplifaya ukutani, shilingi 850,000, pamoja na mashine ya kucheza faili za sauti ambazo anadai zina ubora mara nne ya sidii. Alipozifunga nyaya zake kwa majaribio, kwa kweli nilisikia tofauti: sauti ya mwimbaji ilisogea mbele na magitaa yakachangamka. Mke wangu, aliyekuwa chumba cha pili, anasema hakusikia jipya lolote. Fedha za korosho za msimu huu ninazo. Ninunue?
Mwalimu Mstaafu, Mikindani, Mtwara

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Fedha hizo usizitoe kwanza. Sisemi hivyo kwa sababu kila kitu cha bei kubwa ni utapeli, kwani spika nzuri hugharimu na zinastahili gharama yake. Nasema hivyo kwa sababu madai ya kijana huyo yanaweza kupimwa kwa hesabu ambazo wewe mwenyewe, bila shaka, uliwafundisha wanafunzi wako.

Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani, yaani kiasi unachouzuia umeme, wa takriban omu 0.0115 kwa kila mita. Umeme unakwenda kwenye spika na kurudi, kwa hiyo mita zako tatu ni mita sita, na ukinzani wote ni omu 0.07 hivi. Ikiwa spika yako ni ya omu 8, kama zilivyo nyingi za nyumbani, waya unachukua chini ya asilimia moja ya nguvu, na upungufu wa sauti unaotokana na hapo haufiki hata sehemu moja ya kumi ya desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Sikio la binadamu likisikiliza muziki huanza kutambua mabadiliko ya ukubwa wa sauti karibu na desibeli moja, na katika maabara yenye utulivu chini kidogo ya hapo. Fundi wako, kwa maneno mengine, alikufungia waya unaotosha. Angekuwa anapeleka sauti uani, mita 15 kutoka kwenye amplifaya, tena kwa spika za omu 4, hapo ningemlaumu, kwa maana waya huo ungekula karibu asilimia nane na ingebidi kutumia waya wa 4. Suluhisho hata hivyo lingebaki kuwa unene wa shaba, ambao unapatikana katika duka lolote la vifaa vya umeme mjini Mtwara.

Kuhusu fedha na oksijeni, ni kweli kwamba fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba, lakini kwa asilimia sita hivi tu, nafuu ambayo unaipata kwa kuongeza unene wa shaba kidogo mno. Shaba isiyo na oksijeni haiipiti shaba ya kawaida ya nyaya za umeme kwa zaidi ya asilimia moja au karibu na hapo. Udanganyifu unaopaswa kukuhangaisha uko kwingine kabisa, kwenye nyaya za bei ya chini za alumini iliyopakwa shaba juu, ambazo huuzwa kana kwamba ni shaba tupu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, mrudishie mwenye duka.

Mishale nayo haina kazi. Umeme unaosukuma spika hauendi upande mmoja kama maji ya bomba. Hugeuka na kurudi kufuatana na muziki wenyewe, kiasi kwamba noti ya besi ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, hubadili mwelekeo mara 100 katika kila sekunde. Iwapo waya ungekuwa na upande mmoja mzuri na mwingine mbaya, nusu ya muziki wako ingekuwa inapita upande mbaya wakati wote.

Zile saa 300 nimezipigia hesabu kwa mtu anayesikiliza saa mbili kila jioni, nikapata siku 150, yaani miezi mitano. Ndani ya muda huo shaba haitabadilika chochote cha kusikika. Kinachobadilika ni masikio yako, ambayo huzoea sauti yoyote yanayoisikia kila siku, na muda wa kurudisha bidhaa, ambao utakuwa umekwisha zamani.

Waya wa ukutani wa shilingi 850,000 ndio ulionishangaza zaidi. Umeme unaofika sebuleni kwako umetoka kwenye mitambo, ukasafiri kwa nyaya za alumini juu ya nguzo, ukapita kwenye transfoma ya mtaa, ukaingia kwenye mita ya Luku, kisha ukazunguka nyumba nzima kwa waya wa kawaida uliofukiwa ukutani. Mita moja na nusu ya mwisho, hata iwe imefumwa kwa hariri, haiwezi kurekebisha safari hiyo. Isitoshe, kazi ya kwanza ya amplifaya inapoupokea umeme huo ni kuubadili na kuuchuja kabla haujagusa muziki. Ikiwa umeme wa mtaani kwenu hupanda na kushuka, nunua stabilaiza ya kuaminika kwa ajili ya kukilinda chombo kisiungue, na usitarajie kwamba mwimbaji ataimba vizuri zaidi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliheshimu, nalo ni kwamba ulisikia tofauti. Siwezi kukuambia kuwa hukusikia. Ninachoweza kufanya ni kukuonyesha sababu ambazo kijana yule hakuzitaja, na ya kwanza iko Mikindani kwenyewe. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na shaba iliyo wazi, ikikaa miaka kwenye matundu ya spika, hufanya ukoko wa kijani na kugusana kwake kunakuwa kwa kubahatisha. Kijana alipochomoa waya wako wa zamani na kukaza wake mpya, alikwangua ukoko huo na kuweka shaba safi. Tofauti ya namna hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa. Unaipata bure: kata sentimita mbili za ncha ya waya wako mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, isokote vizuri, safisha matundu ya spika na ya amplifaya, kisha kaza upya. Ukipenda, nunua plagi ndogo za spika zilizopakwa dhahabu, kwani dhahabu haishiki kutu na kwa mji wa pwani hilo lina maana. Lakini ziwe za maelfu machache ya shilingi.

Sababu ya pili ni ukubwa wa sauti. Muziki ukiongezwa hata kidogo tu, msikilizaji haoni kuwa umeongezwa bali huona kuwa umekuwa bora, na muuzaji anayejua kazi yake anaweza kuizungusha swichi nywele moja anapofunga waya mpya. Sidai kwamba huyu alifanya hivyo.

Ya tatu ni macho. Miaka ya 1990 watafiti Floyd Toole na Sean Olive waliwasikilizisha watu spika zile zile kwa namna mbili, mara wakiziona na mara zikiwa nyuma ya pazia, na alama walizotoa zilibadilika pale walipojua wanasikiliza spika ipi. Wasikilizaji wenye uzoefu hawakusalimika. Kujua bei na kuona zile nyuzi za zambarau ni sehemu ya usikivu, tupende tusipende, na mkeo, aliyekuwa chumba cha pili bila kuona kitu, alikuwa katika nafasi nzuri zaidi ya kutoa hukumu kuliko sisi wataalamu. Watu huonya kwamba usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Katika biashara ya sauti, Mwalimu, shauri langu ni kinyume: mtie mbuzi kwenye gunia kwanza, kisha msikie akilia.

Fanya hivi. Mwombe kijana aziache nyaya zake nyumbani kwako kwa siku moja. Wewe kaa mahali pako pa kawaida, spika na nyaya zikiwa nyuma ya shuka. Mjukuu arushe sarafu, kichwa waya wa zambarau, mwenge au mnyama waya wako, aufunge bila wewe kuona na bila yeye kusema neno, huku swichi ya sauti ikibaki pale pale. Kila mara achomoe na kuchomeka, hata kama sarafu imerudia upande ule ule, ili usibahatishe kwa kusikia mikwaruzo ya kazi yake. Andika jibu lako, naye aandike ukweli, mrudie mara 16. Anayebahatisha tu hupata nane au karibu na hapo. Kupata 12 au zaidi kwa bahati tupu hutokea chini ya mara nne katika kila majaribio mia ya namna hiyo. Ukifikisha 12, niandikie tena, nami nitayapokea matokeo yako kwa heshima zote. Hakikisha tu kwamba nyaya zako zimesafishwa ncha kabla ya kuanza, la sivyo utakuwa unapima kutu.

Wauzaji wengi hawapendi jaribio hilo. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyejulikana Marekani kwa kufichua madai ya uongo, alikubali kutoa dola 1,000,000 kwa yeyote atakayeweza kutofautisha, bila kuona, waya wa spika uliouzwa kwa dola 7,250 na waya wa kawaida. Mazungumzo yalivunjika kabla jaribio halijafanyika, na fedha zile hakuna aliyezichukua.

Mwaka huo huo wa 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha utafiti unaokuhusu moja kwa moja kwa upande wa mashine ya faili. Walipiga rekodi za kiwango cha juu kuliko sidii, kisha kwa siri wakawa wanaipitisha sauti hiyo hiyo kwenye kifaa kinachoishusha hadi kiwango cha sidii. Katika majaribio 554, wasikilizaji walipatia mara 276, ambayo ni nusu kamili kwa mtu asiye mbishi. Sababu yake haina siri. Sidii hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, idadi inayotosha kubeba masafa hadi hezi 22,050, ilhali sikio la kijana mwenye afya hukomea karibu na hezi 20,000. Sisi tuliopita miaka 60 mara nyingi hatusikii lolote juu ya hezi 12,000 hivi. Unauziwa, kwa jina la ubora mara nne, sauti za popo.

Ukiwa na hamu ya kutumia fedha, anza na sindano ya gramafoni, kwa sababu sindano iliyochakaa hukwangua mifereji ya santuri ambazo huenda huzipati tena popote. Kisha tazama chumba. Nyumba nyingi za kwetu zina sakafu ya saruji na kuta ngumu. Piga kofi moja katikati ya sebule, na ukisikia mlio unaobaki ukitetema, hicho ndicho kinachomfanya mwimbaji wako asieleweke. Zulia zito au majamvi mbele ya spika, mapazia mazito, na kabati la vitabu ukutani nyuma yako vitabadilisha mengi. Spika ziondoe pembeni kabisa mwa chumba, zisogeze nusu mita mbele ya ukuta, kwa kuwa kona huvimbisha besi. Chumba cha urefu wa mita nne, kwa mfano, hukuza chenyewe noti zilizo karibu na hezi 43 hata zikafunika nyingine. Besi ikiendelea kuvuma, sogeza pia kiti chako kabla hujalaumu chombo.

SWALI: Nataka kununua sabufa kwa ajili ya kupiga muziki kwenye sherehe za unyago na harusi. Boksi limeandikwa PMPO wati 12,000. Je, itatosha watu mia mbili?
Kijana wa Nachingwea, Lindi

JIBU: Kijana wangu, soketi ya ukutani ni ya ampea 13 kwa volti 230, kwa hiyo chombo chochote kilichochomekwa hapo hakiwezi kuvuta zaidi ya wati 2,990. Sabufa ya wati 12,000 za kweli ingehitaji zaidi ya ampea 52. PMPO ni namba ya kwenye boksi ambayo haina kipimo kimoja kinachokubalika, na kila kiwanda hujiandikia kinachopenda. Igeuze sabufa, usome kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme. Mara nyingi utakuta wati 60 au 80, nazo ndizo za kuamini. Sabufa ya namna hiyo hutosha sebule. Kwa watu mia mbili uwanjani tafuta spika za ukumbi pamoja na amplifaya yake, na muuzaji akikutajia wati, muulize ni za RMS, yaani zile ambazo chombo kinaweza kuzitoa mfululizo, na ni kwa omu ngapi. Fahamu pia kwamba kutoka wati 100 hadi 200 unaongeza desibeli tatu tu, kwa hiyo spika ya pili iliyowekwa karibu na watu wa nyuma itakusaidia kuliko amplifaya kubwa zaidi upande wa mbele.