Maswali ya Wasomaji: Mtafiti Kijana na Feloshipu za Sera za Sayansi

Barua nyingi za safari hii zimeuliza namna mtafiti kijana anavyoweza kupata nafasi ya kukaa mwaka mmoja, au hata miezi 3, mahali sheria na sera zinakotungwa. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha.

Ndugu wahariri, hizi feloshipu ni ufadhili wa masomo au ni ajira? Nikichaguliwa nitapewa mada ya utafiti?

Hazimo kwenye fungu lolote kati ya hayo mawili. Ni kazi ya muda maalumu yenye posho. Mtu aliyesomea sayansi hupelekwa kwenye ofisi ya mbunge, kamati ya bunge, wizara au wakala wa serikali, akafanya shughuli za ofisi ile chini ya mkuu wa ofisi ile. Mada hupewi. Asubuhi unaweza kuagizwa uandae maswali ya kumwuliza shahidi mbele ya kamati, mchana ukapokea ujumbe wa wenye viwanda, jioni ukasoma mswada mrefu na kueleza kifungu kipi kitaleta matatizo. Mwanafizikia akijikuta anashughulikia maji safi au bei ya dawa, hajapotea njia. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo.

Mpango unaojulikana zaidi ni wa chama cha wanasayansi cha Marekani, American Association for the Advancement of Science, kwa kifupi AAAS, ulioanza mwaka 1973 kwa felo 7 waliopelekwa Kongresi ya Marekani, kisha ukapanuka hadi kwenye idara za serikali. Uliza mapema nani analipa posho. Felo wengi wa Kongresi hulipwa na vyama vya kitaaluma, kama vile American Geophysical Union au American Physical Society, lakini maagizo ya kila siku hutoka kwenye ofisi waliyopelekwa. Anayekulipa hana ruhusa ya kukutuma ukampigie debe.

Niko mwaka wa tatu wa uzamivu, na si raia wa nchi ninakosoma. Nianzie wapi?

Anza na masharti, insha itafuata. Maombi mengi huanguka hapa kabla mtu yeyote hajasoma sentensi ya kwanza.

Mpango wa AAAS unadai uraia wa Marekani (uraia pacha unakubalika), na shahada ya uzamivu iwe imekamilika kufikia siku ya mwisho ya maombi, ambayo kwa kawaida ni 1 Novemba. Kazi yenyewe huanza Septemba ya mwaka unaofuata. Hesabu vizuri: anayetetea tasnifu Desemba amechelewa mzunguko mzima, hata kama angekuwa huru miezi 8 kabla ya kazi kuanza. Mhandisi mwenye uzamili na uzoefu wa kazi wa miaka 3 anaruhusiwa kuomba bila uzamivu. Vyama vinavyolipia felo wao vina tarehe zao na masharti yao, kwa hiyo usidhani tangazo moja linatosha kwa wote.

Kwa aliye bado darasani kuna milango mingine. Knauss Marine Policy Fellowship, iliyoanza mwaka 1979, huwachukua wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa vyuo vya Marekani wanaojihusisha na bahari, pwani au Maziwa Makuu ya huko, kwa mwaka mmoja mjini Washington, na haibagui uraia. Maombi hupitia ofisi ya Sea Grant, mpango wa taifa wa utafiti wa bahari na pwani, ya jimbo unalosoma. Ofisi hiyo huchuja watu wake kwanza kabla ya mchujo wa taifa, kwa hiyo zungumza nao miezi kadhaa kabla. Uingereza, UKRI (UK Research and Innovation), taasisi ya umma inayofadhili utafiti, ina mafunzo kazini ya sera ya miezi 3 kwa wanafunzi wa uzamivu wanaofadhiliwa nayo. Kigezo cha kwanza pale ni nani anayelipia masomo yako, ingawa baadhi ya ofisi hufanya ukaguzi wa usalama unaouliza umeishi nchini muda gani. Taasisi ya kimataifa ya uchambuzi wa mifumo, IIASA, iliyoko Laxenburg karibu na Vienna, Austria, imekuwa ikipokea watafiti vijana kila kiangazi tangu mwaka 1977. Hiyo ni ya utafiti wenye sura ya sera, si ya kukaa bungeni, na inamfaa zaidi asiyetaka kuacha tasnifu yake pembeni.

Tahadhari moja: programu hizi hutegemea bajeti na upepo wa siasa. Presidential Management Fellows ya Marekani, iliyowaingiza wahitimu wa shahada za juu kwenye kazi za serikali na iliyodumu kwa miongo kadhaa, ilifutwa mwaka 2025 kwa amri ya rais. Soma tangazo la mwaka huu, si la mwaka jana.

Sijawahi kufanya kazi yoyote ya sera. Nitaandika nini kwenye wasifu?

Ifanye sasa, haihitaji ruhusa ya mtu. Marekani, wakala wa serikali akitaka kutunga kanuni, huchapisha rasimu kwenye Federal Register, gazeti rasmi la serikali, na kupokea maoni ya umma, mara nyingi kwa siku 30 hadi 60. Bunge la Uingereza nalo lina kamati zinazotangaza wito wa ushahidi wa maandishi, na kwa kawaida hutaka usizidi maneno 3,000. Chagua rasimu moja inayogusa fani yako, taja namba ya kifungu, eleza tatizo lake, kisha andika maneno mbadala unayotaka yawekwe. Kurasa 2 zinatosha. Maoni ya kusifu au kulaani kwa jumla hayamsaidii anayehariri kanuni, kwa sababu hana pa kuyachomeka.

Ukishafanya hivyo mara moja, una kitu cha kusimulia kwenye usaili. Kwa maoni yetu kina uzito kuliko cheti cha warsha ya siku mbili.

Insha yangu imekataliwa mara mbili ingawa nina machapisho ya kutosha. Tatizo liko wapi?

Hatujaiona insha yako, lakini insha za namna hii hufanana mno kwa makosa. Aya ya kwanza huwa ni mapenzi ya sayansi tangu utotoni. Aya tatu zinazofuata ni maabara, na mwishoni kuna sentensi moja inayosema mwombaji anataka kuwafundisha wanasiasa umuhimu wa sayansi. Sentensi hiyo humponza mtu. Ofisi za wabunge hazina upungufu wa wahadhiri. Zimepungukiwa mtu wa kusoma ripoti leo jioni na kusema kesho asubuhi ina maana gani kwa kura ya saa nane.

Utafiti wako upe aya moja ya sentensi 4 au 5, na angalau mbili kati ya hizo zieleze nani anaathirika na matokeo yake. Nafasi inayobaki itumie kwa matukio mawili: moja la kufanya kazi na watu ambao hamkukubaliana, na moja la kujifunza jambo geni kwa haraka hadi likatumika. Sema ulifanya nini wewe, si kikundi. Kisha eleza unachotaka kufanya baada ya mwaka huo. Waamuzi hawatafuti ahadi ya kuacha utafiti, wala ya kuurudia. Wanataka kuona kwamba umefikiri.

Barua za wadhamini nazo huangusha watu kimyakimya. Barua tatu za maprofesa watatu wanaosifu machapisho yaleyale ni sawa na barua moja. Mmoja awe mtu aliyekuona ukiandaa mkutano, ukiongoza chama cha wanafunzi au ukishughulika na jamii. Mpe kila mdhamini wiki 4 na ukurasa mmoja wenye vigezo vya programu, matukio mawili unayopenda ayakumbuke, na tarehe.

Nimefika hatua ya mchujo, naambiwa niandike waraka wa sera wa ukurasa mmoja. Unajazwaje?

Huu ndio mtihani wenyewe, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Ukurasa mmoja ni maneno 450 hadi 500, herufi za ukubwa wa 11, pambizo za kawaida. Usipunguze herufi ili maneno yaenee: msomaji ataona, na anachopimwa mwombaji ni uwezo wa kuacha yasiyo ya lazima. Juu weka mistari minne: kwa nani, kutoka kwa nani, tarehe, kuhusu nini. Sentensi ya kwanza kabisa iwe uamuzi unaopendekeza, kwa mfano: “Tunapendekeza kamati iongeze kifungu kinachoelekeza wizara kupima madini ya risasi kwenye maji ya shule kila baada ya miaka 3.” Mtafiti amezoea kuanza na usuli na kumalizia na hitimisho, na hapa mpangilio hugeuzwa, kwa sababu msomaji anaweza kuitwa kikaoni akiwa mstari wa tano.

Baada ya hapo eleza kwa nini sasa, kwa sentensi mbili tatu na tarakimu moja yenye maana, si tarakimu sita. Kisha chaguo tatu, mojawapo ikiwa ni kuacha mambo yalivyo. Kila chaguo litaje gharama, anayelipa, na atakayepinga. Hili la mwisho wengi huliruka, na ndilo ambalo mkuu wa ofisi ataliuliza kwanza. Malizia na hatua inayofuata: nani afanye nini kabla ya tarehe ipi.

Kosa kubwa ni kupendekeza “utafiti zaidi”. Linalofuata ni kumwomba mtu jambo lisilo mikononi mwake. Mbunge hawezi kubadilisha kanuni ya wakala kwa simu. Anaweza kutunga sheria, kutenga fedha, kuandika barua, kuita kikao cha kuhoji. Kwa Marekani kuna mtego zaidi: sheria inayoidhinisha programu haiipi fedha, fedha hutengwa kwa mswada mwingine, na mwaka wa fedha huanza 1 Oktoba. Waraka unaoomba fungu jipya mwezi Agosti utakuta tarakimu nyingi zimeshaandikwa.

Na shaka za kisayansi? Zitaje pale tu zinapoweza kugeuza uamuzi. Kama gharama ni kati ya milioni 2 na milioni 3 na pendekezo linabaki lilelile, sema hivyo na uendelee. Kama kipimo kinaweza kukosea kiasi cha kufunga shule isiyo na tatizo, hilo lina haki ya sentensi nzima.

Kwenye usaili utaulizwa kuhusu waraka huo na mtu atakayejifanya hakubaliani nawe. Usirudie hoja kwa sauti kubwa zaidi. Mwulize nini kingembadilisha msimamo, kisha ujibu hilo. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema ungempigia nani simu kupata jibu.

Msimamizi wangu anasema nikiondoka mwaka mmoja sitapokewa tena kwenye utafiti. Ana haki?

Hofu yake ina msingi pale machapisho yanapokatika. Kwa hiyo wasilisha makala zilizo tayari kabla ya kuanza, na zile zisizo tayari ziwe na makubaliano ya maandishi: nani anamalizia, nani mwandishi wa kwanza, data ziko wapi. Usitegemee jioni, maana wakati wa mjadala wa bajeti huwa hazipo. Kumbuka pia mgongano wa maslahi: ukiwa kwenye ofisi inayohusika na fedha za utafiti, hutaruhusiwa kugusa suala linalohusu maabara yako, na ni vizuri msimamizi alijue hilo kabla hajaanza kukutumia ujumbe.

Jambo la mwisho la kumwuliza mratibu, kabla ya kusaini, ni kama gharama za kuhama na bima ya afya zimo kwenye posho, na malipo ya kwanza hutoka lini. Yakitoka mwisho wa mwezi wa kwanza, pango la mwezi huo utalitoa mfukoni mwako.