Maswali yenu kuhusu majasusi na ulinzi wa siri za nchi

Tokea niseme kwamba nitajibu mambo ya ujasusi na namna nchi inavyojikinga nao, maswali yamemiminika. Mengine ya maana sana, mengine ni ya kunichimba tu nitaje majina ya watu, hayo siyajibu. Nimechagua haya.

"Shekhe, hii kuzuia ujasusi si ndo kazi ileile ya usalama wa taifa? Tofauti iko wapi?" (Msomaji, Chake Chake)

Ipo, tena kubwa. Intelijensia ya kawaida inatoka kwenda kutafuta khabari za wengine. Hii ya kuzuia ujasusi kazi yake ni kumjua yule aliyetumwa kuja kukuchungulia wewe, katumwa na nani, anataka nini, keshampata nani ndani. Na watu wengi wanafikiri ukishamjua basi ni pingu na televisheni, hapana, mara nyengine kumkamata ni hasara. Waingereza kwenye vita vya pili vya dunia waliwanasa majasusi wa Ujerumani wakawageuza ndumilakuwili, wakawa wanapeleka kwa Wajerumani khabari zilizopikwa London. Mmoja, Mhispania anaitwa Juan Pujol, yeye alijitolea mwenyewe, na 1944 aliwaaminisha Wajerumani kwamba majeshi ya Waingereza na Wamarekani yaliyotua Normandy, pwani ya Ufaransa, ni danganya toto na shambulio lenyewe linakuja Calais, vikosi vya Hitler vikabaki vinasubiri kule huku vita viko kwengine. Wajerumani wakampa nishani na Waingereza nao wakampa nishani! Kwetu kazi zote mbili, kwa upande wa kiraia, ziko chini ya Idara ya Usalama wa Taifa, na ulinzi na usalama ni jambo la Muungano.

"Mie naona tunajitisha bure. Unguja na Pemba kuna nini cha kupelelezwa, karafuu?" (Kijana wa Mwembetanga)

Mwanangu, nenda Chapwani, kile kisiwa kidogo karibu na mji, ukaangalie yale makaburi. Wamezikwa pale mabaharia wa manowari ya Kiingereza, HMS Pegasus. Septemba 1914 meli ile ilikuwa bandarini kwetu inatengenezwa mitambo yake, haiwezi kukimbia. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji, na nahodha wake akaletewa khabari na watu wake wa pwani kwamba kuna manowari ya Kiingereza imeingia Unguja. Alfajiri ya Jumapili tarehe 20 akaja, akaipiga kwa mizinga kutoka mbali ambako mizinga ya Pegasus haifiki, ikazama hapohapo mbele ya mji. Sasa angalia siri yenyewe ilikuwa nini: meli imeingia, basi. Kila mtu aliyesimama ufukweni aliiona. Hakuna aliyeiba faili wala kuvunja kasha, lakini khabari ndogo ikimfikia anayejua kuitumia inaua watu.

Ndo maana swali la "tuna nini sisi" si swali zuri. Tuna bandari, uwanja wa ndege, mkondo wa bahari wenye meli za dunia nzima, waya wa intaneti chini ya bahari, na taarifa za vitambulisho vya watu wetu wote kwenye kompyuta. Na wakubwa wa dunia hawajaacha kuvitaka visiwa hivi tokea enzi za Masultani.

"Mwalimu, mtu kasomeshwa na nchi yake, ana mshahara, ana heshima, anaanzaje kuuza siri?" (Mwanafunzi, SUZA)

Swali lako nimelipenda kuliko yote, kwa sababu madhara makubwa mara nyingi hayafanywi na mgeni mwenye miwani myeusi, yanafanywa na mtu wa ndani mwenye ufunguo wake halali.

Aldrich Ames alikuwa ofisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, tena kitengo chake kilihusu ujasusi wa Urusi. Deni lilimkaba, akaenda mwenyewe kwa Warusi 1985. Alilipwa zaidi ya dola milioni 2, na watu karibu 10 waliokuwa wakiisaidia Marekani kwa siri wakauliwa kwa sababu yake. Na hakujificha, alinunua nyumba ya dola 540,000 kwa pesa taslimu na mshahara wake ulikuwa haufiki dola 70,000 kwa mwaka, alikuwa anakwenda kazini na gari ya Jaguar, mashine ya kupima uongo kaipita mara mbili, na alikamatwa Februari 1994 tu. Miaka tisa anauza siri, na wenzake wanaiona ile gari!

Robert Hanssen wa FBI, shirika la upelelezi la ndani la Marekani, ndo anatisha zaidi mana yeye kazi yake ilikuwa hiihii ya kuzuia ujasusi, na kuna wakati walimpa kazi ya kumtafuta msaliti ndani ya FBI, yani ajitafute mwenyewe. Alikamatwa 2001.

Halafu Ana Montes, huyu hakutaka pesa. Alikuwa mchambuzi wa mambo ya Cuba kwenye intelijensia ya jeshi la Marekani, na aliona nchi yake inaidhulumu Cuba. Hakutoa hata karatasi moja ofisini, alikuwa anahifadhi kichwani, akifika nyumbani anaandika kwenye laptopu, usiku anafungua redio ya mawimbi mafupi anasikiliza sauti inasoma nambari tu, nambari, nambari, ndo maagizo yake kutoka Havana. Karibu miaka 17 hivyo. Kwa hiyo ukiambiwa "tuwalipe vizuri hawatauza siri", ni kweli nusu. Wapo wa pesa, wapo wa imani, wapo walioshikwa na kitu chao cha aibu wakatishwa, wapo wenye kinyongo tu kwamba bosi hawathamini. Hichi cha mwisho mie ndo nakiogopa zaidi kwetu, mfanyakazi anadharauliwa miaka na miaka halafu anakuja mtu mmoja anamwambia wewe una akili sana.

"Si bora serikali isikilize simu zote tu, majasusi watakamatwa wote?" (Msomaji, Michenzani)

Hapa naomba unisikilize kwa utulivu maana jambo hili lishatokea hapahapa kwetu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 Wajerumani Mashariki walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuja kutusaidia, hayo majengo unayokaa ramani yake imetoka kwao, na waliofika si wajenzi peke yao. Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wao wa nje, alikuja Unguja mwaka huohuo na watu wake wakawafundisha wetu kazi za usalama. Marekani wakati huo walikuwa na ofisi ya ubalozi mdogo Unguja, na ofisa wao alikuwa Frank Carlucci. Januari 1965 Carlucci akawa anazungumza kwa simu na mwenzake wa Dar es Salaam, Robert Gordon, kuhusu namna ya kuwashawishi wakubwa wao Washington watume salamu za mwaka mmoja wa Mapinduzi. Katika mazungumzo wakasema wanahitaji risasi zaidi, na kwa maelezo yao wenyewe makusudio yao yalikuwa hoja za kuwashawishi mabosi. Simu ilikuwa inasikilizwa. Aliyesikiliza akaelewa risasi za bunduki, yani Wamarekani wanapanga kuipindua serikali. Wote wawili wakafukuzwa nchini, Marekani wakamfukuza mwanadiplomasia wetu, Nyerere akamwita balozi wetu arudi, na uhusiano ukaharibika kwa muda.

Mie siwalaumu sana waliosikiliza. Serikali ilikuwa changa, Kongo hapo jirani mambo yanawaka, na Wamarekani hawakuwa watu wa kuaminiwa kirahisi miaka ile, Carlucci mwenyewe baadae alikuja kuwa naibu mkuu wa CIA na mwisho waziri wa ulinzi. Lakini kusikia si kuelewa! Ukisikiliza simu moja tu unaweza kukosea hivyo, ukisikiliza za watu wote utakosea mara ngapi, na hapo hakuna balozi wa kuitwa arudi, yupo mtoto wa mtu wa Kwahani amechukuliwa usiku. Kazi hii inataka mtu aliyetulia, anayejua lugha, anayeuliza mara ya pili na ya tatu, na mkubwa wake asiwe mtu wa kutaka kuambiwa anachopenda.

"Nikiandika kuwa skuli ya mtaani kwetu haina madawati naambiwa nimetumwa na mabeberu. Jee anayekosoa serikali ni jasusi?" (Msomaji, Konde)

Hapana. Jasusi anaiba siri kimyakimya, wewe unasema hadharani jambo ambalo kila mzazi wa Konde analiona. Tena sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ya 1996 ilipotungwa iliandika wazi kwamba si kazi ya Idara kumfuatilia mtu kwa sababu tu kashiriki maandamano halali au anapinga jambo linalohusu Katiba, sheria au serikali. Walioandika vile walijua wanachokifanya. Ofisa akitumwa kutwa kukaa barazani kusikiliza nani kasema nini kuhusu madawati, yule mtu mwenye deni na gari jipya ofisini hana wa kumwangalia. Na raia akishawaogopa watu wa usalama hawaambii kitu hata akiona jambo la hatari kweli, anafunga mlango wake analala. Hili wanaolifanya wanatuumiza sote, nalisema wazi.

"Mwanangu yuko serikalini. Kuna mzungu kamuandikia LinkedIn anataka amuandikie ripoti ndogondogo atamlipa dola. Nna wasiwasi." (Mama, Wete)

Bi mkubwa wasiwasi wako una haki. Hivyohivyo ndo alivyoanzwa Kevin Mallory, ofisa mstaafu wa CIA, 2017, ujumbe wa LinkedIn kutoka kwa mtu aliyejifanya anatafuta mtaalamu wa ushauri, akasafiri Shanghai, akapewa simu maalum ya kupelekea nyaraka, akalipwa dola 25,000. Amefungwa miaka 20. Huwa wanaanza na kitu cha halali kabisa, ripoti ya utalii ambayo ungeipata gazetini, wanalipa vizuri, ya pili inaingia ndani kidogo, na ya tatu ukikataa unakumbushwa ulishapokea pesa. Mwambie asijibu kitu, asifute ule ujumbe, na amwambie mkuu wake wa kazi leo kabla hajapokea hata senti. Ikiwa ni kazi ya halali hakitaharibika kitu. Na usimgombeze, akiogopa ataficha.

"Nimeokota fleshi nje ya ofisi, niitie kwenye kompyuta nione ya nani?" (Msomaji, Mkoani)

Usiitie! 2008 fleshi moja iliyochomekwa kwenye laptopu ya jeshi la Marekani huko Mashariki ya Kati iliingiza kirusi mpaka kwenye mitandao yao ya siri na ikawachukua zaidi ya mwaka kukisafisha. Mpelekee mtu wa kompyuta hapo ofisini kwenu, umwambie umeiokota wapi na saa ngapi.