Jibu: Kuhamia Mtwara kutoka Njombe, joto na ukungu kwenye nguo

Ndugu yangu, umeuliza utaizoeaje nyumba ya Mtwara baada ya kuishi Njombe, na kwa nini nguo zako zimeota ukungu kabatini. Joto la pwani huchosha zaidi kwa sababu hewa imejaa unyevu na jasho halikauki upesi, kwa hiyo upepo unaopita mwilini ndio unaosaidia. Kama bado hujalipa kodi, tafuta nyumba yenye dari na madirisha yanayotazamana, hasa yanayopokea kusi, upepo unaovuma takribani Aprili hadi Septemba, maana chini ya bati tupu chumba hakikaliki saa nane mchana.

Kabati lisogeze lisigusane na ukuta, na kabla ya kukunja suruali papasa pindo la kiuno na mifuko, kwani hapo ndipo unyevu hubaki na ukungu huanzia. Miezi ya mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, kila jua likitoka toa viatu vya ngozi na magodoro nje. Masweta yarudishe Njombe.

Chandarua, nakusihi, usikiache hata usiku wa joto kali. Nunua kikubwa kisichogusa mwili, kwa sababu mbu huuma kupitia kitambaa kilichogusa ngozi.