Msimu wa korosho upo, wa vipande haupo

Swali la wiki: "Je, kuna miezi ambayo ni nafuu zaidi kununua vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja?"

Huku Newala na Nachingwea kila kitu kina msimu wake: ufuta katikati ya mwaka, mbaazi zikifuatia, korosho kuanzia Oktoba. Ndiyo maana watu hungoja vipande, yaani sehemu unazonunua kwenye mfuko, navyo "vishuke". Mfuko wa ukwasi, ule unaoweka hela kwenye amana za benki na dhamana za muda mfupi, hukusanya riba kila siku, hata Jumapili, na bei yake hupanda kidogokidogo mwaka mzima. Una shilingi 2,400,000 za mnada wa Novemba, na tuseme mfuko unakua kwa asilimia 12 kwa mwaka. Ukingoja miezi mitatu umeacha kama 72,000. Hata bei ikishuka kwa asilimia 1, jambo ambalo ni nadra kwa mfuko huo, utaokoa 24,000 tu.

Kwenye mifuko yenye hisa, Wamarekani wana usemi wa kuuza hisa Mei, na kwao Septemba ni dhaifu kwa wastani. Wastani si ahadi, na Soko la Hisa la Dar es Salaam lina mwendo wake. Wengine hukimbilia kununua kabla kampuni hazijatoa gawio. Kazi bure: hisa ikishuka kwa sababu ya gawio, gawio hilohilo linaingia kwenye mfuko. Na mfuko wenyewe ukigawa mapato, kipande hushuka kwa kiasi hicho. Aliyenunua jana yake amerudishiwa hela yake mwenyewe.

Tarehe ya kupanga ni ya kutoa hela, si ya kununua. Malipo ya korosho huingia kwa mafungu kadiri minada inavyokwenda, basi nunua kila fungu likiingia. Hela ya sare na madaftari ya Januari iache benki. Ya palizi na kupulizia mikorosho dawa ya salfa iende mfuko wa ukwasi, kamwe si wa hisa.

Kuuza vipande huchukua siku kadhaa za kazi, na bei utakayolipwa ni ya siku ombi lilipopokelewa na kushughulikiwa, si ile uliyoiona kwenye simu asubuhi. Vibarua wakianza Jumatatu, ombi liende wiki mbili kabla. Uliza pia kama kuna ada ya kujitoa. Kinachokwamisha malipo mara nyingi ni jina: akaunti ya benki inasema Mohamedi, kitambulisho kinasema Muhammad. Lisawazishe siku ya kujaza fomu, si siku salfa imeshafika ghalani.