Mkanda wa Pikipiki ya Theluji Unaokatika Kabla ya Wakati

SWALI: Ninaishi kaskazini mwa Minnesota, Marekani, na hutumia pikipiki ya theluji kwenda kuvua samaki kwenye ziwa lililoganda. Msimu uliopita mikanda miwili ya klachi ilikatika ikiwa bado mipya. Kabla ya kuhamia huku nilikuwa fundi wa skuta Dar es Salaam, kwa hiyo mfumo huu si mgeni kwangu. Je, ninauziwa mikanda mibovu?

JIBU: Inawezekana, ingawa mimi ningeanza kuzishuku puli, yaani magurudumu mawili, la mbele na la nyuma, yanayozungukwa na mkanda. Uzoefu wa skuta utakusaidia, lakini kuna mahali unaweza kukupoteza: kwenye skuta klachi iko nyuma ya mkanda, hivyo mkanda huzunguka hata skuta ikiwa imesimama, ilhali kwenye pikipiki ya theluji puli ya mbele ndiyo klachi yenyewe. Injini ikiwa silensa, yaani inanguruma bila kubonyezwa mafuta, puli hiyo huachama, na ukibonyeza mafuta vyuma vyake vya uzito hufunguka kwa kasi ya mzunguko na kuibana ishike mkanda, ambao ndio unaobeba msuguano wote wa kuondoka.

Uchukue mkanda uliokatika uukague kwenye mwanga. Ukiona ukingo mmoja umelika na nyuzi zimechomoza, puli hazikai kwenye mstari mmoja, pengine kwa sababu raba zinazoshikilia injini zimechoka na injini inavutwa kila unapoongeza mafuta. Mbavu zinazong'aa ni dalili ya kuteleza. Ukikuta sehemu moja tu imelika ikawa nyembamba, puli ilizunguka huku mkanda umesimama, na kwa mvuvi hilo ndilo ninalolishuku zaidi: theluji yenye maji huingia kwenye treki, yaani ule mkanda mpana wa chini, kisha huganda wakati unasubiri samaki. Kabla ya kuondoka, inua sehemu ya nyuma na uitikise mpaka treki iachie, kisha uende polepole dakika chache za mwanzo, kwa maana mkanda wenye baridi huwa mgumu.

Mkanda mpya uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili kuondoa mabaki ya kiwandani, uukaushe, uufunge kwa kufuata mshale, na kwa takriban kilomita 50 za kwanza usiukimbize kwa mafuta yote. Nyuso za puli zisugue kwa sponji ngumu ya kusugulia, kisha uzipanguse kwa dawa ya kusafishia breki inayokauka bila kuacha mafuta. Usiunyunyizie mkanda wenyewe dawa hiyo. Grisi usiipake kwenye bushi (vipete vya ndani) za puli ya mbele, hata zikilia, kwa kuwa itarushwa hadi kwenye mkanda. Bushi iliyolika hubadilishwa.

Zima injini kabla ya kufungua kifuniko, na usiiwashe kamwe kikiwa wazi. Upana wa mkanda na umbali kati ya puli upime kwa vipimo vya kitabu cha mashine yako, kwa kuwa hutofautiana. Puli ya mbele usiifungue bila kifaa chake maalumu, maana springi iliyomo ina nguvu ya kumjeruhi mtu. Kazi hiyo mpelekee fundi mwenye kifaa.