Binti yangu amekataa kwenda nasi misheni kwenye makao ya watoto

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, na tunaishi Mikindani, Mombasa. Mume wangu, ambaye ni mzee wa kanisa, amepanga familia nzima iende misheni ya wiki mbili mwezi wa Desemba katika makao ya mayatima huko Kwale. Kila mtoto wetu atapewa mtoto mmoja wa kule awe rafiki yake, na picha zitatumwa kwa waumini ili waendelee kuchanga. Binti yetu mkubwa, mwenye miaka 16, amekataa. Anasema hawezi kumzoesha mtoto wa watu kisha amwache akilia langoni. Babake alimwita mwasi mbele ya wadogo zake. Tena lipo jambo jingine linaloniumiza: wifi yangu wa Mariakani, ambaye ni mjane, anatafuta makao ya kuwapeleka wanawe wawili kwa kukosa karo. Je, nimlazimishe binti yangu aende?
Mama wa Mikindani

Marahaba, mwanangu. Usimlazimishe, kwa sababu alilolisema ni kweli.

Mtoto aliyetengana na wazazi wake, akalelewa na walezi wanaobadilishana zamu, mara nyingi humkimbilia mgeni yeyote anayeingia, akamshika mkono na kutaka abebwe. Wageni huliona jambo hilo kuwa upendo na kufurahi, ilhali kwa wanaoijua kazi ya malezi huenda ikawa dalili ya mtoto asiye na mtu mmoja wa kudumu wa kumtegemea. Wiki mbili zinatosha kumfanya amzoee binti yako, lakini hazitoshi kumlea, na siku mtakapopanda gari kurudi Mombasa atakuwa ameachwa tena, kisha litakuja kundi jingine na mambo yataanza upya.

Serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mnamo Novemba 2017, na mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032 unalenga kuwarejesha watoto katika familia na jamii zao. Sababu mojawapo ni kwamba wengi wa watoto tunaowaita mayatima wana mzazi aliye hai au jamaa wa karibu, na kilichowafikisha makaoni ni umaskini. Hapa ndipo barua yako iliponigusa zaidi, kwa kuwa wifi yako amesimama mlangoni pa jambo hilo hilo. Wanawe wakipelekwa leo, Desemba nyingine itafika familia ya Kikristo kama yenu kuwafariji kwa kukosa mama, na mama yao yuko Mariakani. Waraka wa Yakobo, sura ya kwanza, mstari wa 27, unawataja yatima na wajane kwa pamoja, na katika ukoo wenu wote wamo chini ya paa moja.

Zungumza na mumeo mkiwa wawili, watoto wakiwa wamelala. Usianze na habari ya binti, kwa maana mwanamume aliyekwisha kulitangaza jambo kanisani, akihisi kwamba mtoto wake anatumiwa kumpinga, hatasikia neno. Anza na dada yake. Mwulize ni kiasi gani katika michango hiyo kitakwenda kwenye gari, malazi na fulana, na kama fungu lenu wenyewe haliwezi kulipa karo ya muhula wa kwanza. Kisha mmsindikize wifi yako kwa chifu na kwa afisa wa watoto, aulizie basari na mpango wa serikali wa Inua Jamii, ambao huzipa kaya zilizoandikishwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo hazilei watoto wawili, lakini ndugu na kanisa wakiongezea kila mwezi, mama huyo anaweza kubaki na wanawe.

Safari ya Kwale siipingi, mradi ibadilishwe. Mchungaji aulize kama makao yamesajiliwa, na kama afisa wa watoto ana habari ya ujio wenu. Aulize pia watoto watakuwa wapi, kwani Desemba ni likizo, na baadhi ya makao huwapeleka watoto kwa jamaa zao wakati huo. Itakuwa dhuluma mtoto azuiliwe asiende kwa nyanyake ili awepo kupokea wageni. Mkienda, fanyeni kazi ambayo walezi wataitaja wenyewe: kukarabati vyoo, kufua, kupika, kufunga tangi la maji, ili wao wapate nafasi ya kukaa na watoto wanaowajua. Asiwepo mgeni wa kubaki peke yake na mtoto. Picha za nyuso ziachwe kabisa, kwani mtoto hana sauti ya kukataa mbele ya mfadhili, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa.

Safari ikishapangwa upya, mwulize binti yako tena. Akikataa bado, akae Mariakani wiki hizo mbili amsaidie shangazi yake. Na lile neno la mwasi, babake alifute mbele ya wale wadogo waliolisikia.